Cha kusomewa au cha kusoma mwenyewe? Kuchagua vitabu vya watoto kwa likizo ndefu

Likizo ya Desemba iliyopita nilinunua kitabu kimoja nikitaka kitoshe watoto wawili. Mkubwa alikuwa amemaliza darasa la kwanza, mdogo alikuwa na miaka minne. Kilikuwa kitabu kizuri hasa: jalada gumu, picha ya fisi anachungulia jikoni ulimi nje, hadithi yenye kituko kila ukurasa. Jioni tukatandika mkeka barazani. Mkubwa akakishika asome, mdogo akajilaza mapajani kwangu asikilize.

Ukurasa wa pili kulikuwa na neno *walipomkaribia*. Mtoto akaanza: wa-li-po… akarudi nyuma, wa-li-po-m… akanitazama. Alipolimaliza, alikuwa keshasahau ni nani anayekaribiwa na nani. Mdogo akasema, "Endelea!" Akasema tena, "Endelea!" Mara ya tatu hakusema kitu, aliinuka akaenda kuchezea vifuniko vya soda.

Kitabu hakikuwa na kosa lolote. Kilikuwa kitabu cha kusomewa, nami nikampa mtoto akisome mwenyewe. Tangu siku ile, kabla sijatazama bei wala picha, swali langu la kwanza dukani ni hilo: kitasomwa na nani, na kwa sauti ya nani? Likizo inakaribia tena na wazazi wenzangu wananiuliza wanunue nini, kwa hiyo nalinganisha hapa aina za vitabu zilizopo sokoni, na vile vya kusubiriwa, nikianzia na tofauti hiyo, kwa sababu ndiyo inayoamua mengine yote.

Kisa kimoja, vitabu viwili

Chukua kisa cha Kima na Papa, ambacho pwani yote inakijua. Kima anaishi juu ya mkuyu ulioinamia bahari, anamtupia Papa matunda, urafiki unakua, hadi siku Papa anapombeba mgongoni na katikati ya maji anamwambia kwamba sultani wao mgonjwa na dawa yake ni moyo wa kima. Nimeandika kipande kile cha mwisho, Kima akisharudishwa mtini kwa kudai kwamba moyo wake ameuacha huko, kwa namna mbili.

Ya kwanza:

*Kima akaruka, hao! hadi kwenye tawi la juu kabisa, akatulia tuli. Papa akangoja. Akangoja weee. Akaita: "Rafiki yangu, umeshauchukua moyo? Twende zetu, maji yanakupwa!" Kima kimya. Akaita tena: "Rafiki yangu!" Kima akatunda kuyu moja lililoiva, akalitupa, chubwi! likatumbukia mbele ya pua ya Papa.*

Ya pili:

*Kima yuko juu. Papa yuko chini. Papa anaita. Kima hasemi. Kima anakula kuyu. Papa anataka moyo. Moyo uko wapi?*

Kisa ni kilekile. Ya kwanza msome mtoto wa miaka minne, ataingoja ile *chubwi!* na kesho yake ataisema kabla yako. Mpe wa darasa la kwanza aisome mwenyewe, itamtoa jasho. Ya pili ataisoma peke yake na kufika kwenye lile swali la mwisho akitabasamu, maana ameligundua kwa juhudi yake. Ila ukimsomea wa miaka minne hiyo ya pili, utamchosha. Anaongea Kiswahili kipana kuliko hicho tangu akiwa na miaka mitatu.

Hapa ndipo lugha yetu ina tabia yake, na wengi wanaochagua vitabu hawaiangalii. Kiswahili ni chepesi kusoma kwa upande mmoja: herufi inasomeka inavyoandikwa, na silabi nyingi zinaishia kwenye irabu. Mtoto akishazishika *ba be bi bo bu*, milango mingi imefunguka. Lakini upande wa pili, kitenzi chetu kinabeba mizigo. Mtendaji, wakati, mtendwa, vyote viko ndani ya neno moja. *Hawakumwambia* ni neno moja, na *aliyemnunulia* pia. Kwa hiyo kitabu kikijitangaza kuwa kina maneno machache kila ukurasa, hilo peke yake halikuambii kitu. Maneno matano yanaweza kuwa *Baba yuko shamba. Mama anapika* na yanaweza kuwa sentensi ya kumkwamisha mwanafunzi wa darasa la tatu.

Na ufupi wa neno nao haumaanishi wepesi kila mara. *Mbwa* ni neno fupi sana, lakini konsonanti tatu zimebanana mbele ya irabu. *Nywele*, *ng'ombe*, *njia* na *kunywa* zinahitaji mtoto aliyekwisha kufundishwa viunganishi hivyo vya sauti. Kitabu kizuri cha kusoma mwenyewe kinalijua hilo, kinaanza na akina *mama, kaka, lala, kaa*, kisha kinaleta kigumu kimoja kimoja na kukirudia mpaka kizoeleke. Kitabu kibaya kinamwaga vyote ukurasa wa kwanza.

Fungua kurasa tatu za katikati. Kama karibu kila sentensi ina neno la silabi sita au zaidi, hicho ni cha kusomewa, hata kama jalada linasema ni cha wanaoanza.

Hadithi za jadi na hadithi za leo

Kwa upande wa kusomewa, ushindani mkubwa dukani ni kati ya makundi haya mawili.

Hadithi za jadi, za Sungura na Fisi, Kobe, zimwi na mtoto wa mfalme, zilizaliwa mdomoni, na zikiandikwa vizuri bado zinasikika hivyo. Zina kiitikio, wimbo unaorudi mara tatu, na mlango wa kuingilia ambao watoto wenyewe wanaufungua. Tanzania tunasema, "Hadithi, hadithi!" na watoto wanaitikia, "Hadithi njoo, uongo njoo, utamu kolea!" Kenya utasikia, "Paukwa!" "Pakawa!" kisha sahani ya mchele na giza la mwizi. Mtoto anayeitikia hakai pembeni ya hadithi, yumo ndani tangu neno la kwanza. Ukikuta kitabu cha jadi kilichotupa mlango huo, nyimbo, na tanakali za sauti zote, basi mwandishi amechukua mifupa ya hadithi akaacha nyama.

Tena hadithi hizi zimesafiri. Kisa cha Kima na Papa kimo katika mkusanyo ambao mmisionari Edward Steere aliuchapisha London mwaka 1870, kama kilivyosimuliwa Unguja. Kabla ya hapo India walikuwa na nyani na mamba wao katika Panchatantra, mkusanyo wao wa kale wa hadithi, ambao Waarabu waliujua kama Kalila na Dimna. Kilipofika kwetu, mamba akawa papa. Katika masimulizi yale ya Unguja, Papa anapomwita, Kima anamjibu kwa kumuuliza kama anamfanya punda wa dobi. Papa hajui maana yake, na hapo Kima, akiwa salama mtini, anaanza kusimulia hadithi nyingine kabisa, ya punda aliyedanganywa akapelekwa kwa simba, akanusurika, akadanganywa tena akarudi. Mwisho inasemwa kwamba punda yule hakuwa na moyo wala masikio, maana angekuwa navyo asingerudi mara ya pili.

Nimelieleza hilo kwa kirefu kwa sababu ndicho kipimo changu. Ninapokuta kitabu kipya chenye kisa cha Kima na Papa, natafuta kama punda wa dobi yumo. Kikimwacha Kima aseme tu "Sirudi tena, wewe si rafiki mzuri," na chini yake pamechapwa kwa herufi nene *Hadithi hii inatufundisha kuchagua marafiki wema*, nakirudisha rafuni. Mtoto anayesikia habari za moyo na masikio atauliza maswali njia nzima mpaka kitandani. Yule aliyepewa fundisho tayari hana la kuuliza.

Tahadhari moja tu kwa hadithi za jadi: baadhi ni kali. Zimwi linameza watoto, mama wa kambo anafukia mtu akiwa hai. Wa miaka minane anazifurahia akiwa amejifunika shuka hadi machoni. Wa miaka mitatu hatalala, na wewe pia. Soma kwanza peke yako.

Hadithi za leo ni za mtoto aliyepakatwa kwenye bodaboda, anayekaa ghorofani, aliyehama shule, mwenye kaka asiyesikia, ambaye nyumba yao imeingia maji ya mafuriko. Nazipenda kwa jambo ambalo Sungura hawezi kulifanya: mtoto anakiona chumba chake kitabuni. Binti yangu mdogo alinyoosha kidole kwenye picha ya ndoo ya maji yenye kata juu yake akasema, "Hii ya kwetu." Tulikaa ukurasa ule dakika nyingi kuliko kurasa zote.

Udhaifu wake ni kwamba nyingi zimeandikwa kwa ajili ya kampeni. Nawa mikono, panda miti, tumia chandarua. Mambo hayo yote ni ya kweli na ya lazima, ila hayatoshi kuwa hadithi. Kuna swali moja linalozichuja haraka: mtoto wa kitabuni anataka kitu gani? Kama anataka kumwona bibi kabla jua halijazama, au anataka mpira uliokwama juu ya bati la jirani, kuna hadithi. Kama hataki kitu ila yupo ili mwalimu amweleze umuhimu wa usafi, hicho ni kipeperushi chenye picha.

Ukinibana nichague kimoja kati ya makundi haya mawili kwa mtoto wa miaka mitatu hadi sita, nitachukua ya jadi iliyosimuliwa kikamilifu. Kwa wa miaka saba na kuendelea, anayeanza kujiuliza yeye ni nani darasani, nitachukua ya leo.

Vitabu vya ngazi, na katuni

Hapa tunaingia kwa msomaji mwenyewe. Mwaka 2015 Tanzania ilianza mtaala wa KKK, yaani Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, kwa darasa la kwanza na la pili. Kenya nayo mwaka huohuo ilianza mpango wa Tusome, uliompa kila mwanafunzi wa madarasa ya chini kitabu chake cha Kiswahili na cha Kiingereza. Wachapishaji wa pande zote mbili wanatoa vitabu vyembamba vya ziada vilivyopangwa kwa ngazi. Ni vyepesi, bei yake inashikika, na vinabebeka.

Wazazi hukosea kununua ngazi iliyo sawa na darasa. Kwa likizo, shuka ngazi moja. Shuleni mtoto anapambana, nyumbani apate raha ya kusoma kitabu kizima bila kukwama, akifunge na kusema, "Nimemaliza!" Mtoto aliyesema hivyo mara sita kwenye likizo moja atarudi shule akiwa amebadilika.

Angalia pia mambo madogo ya uchapaji, maana kwa anayeanza si madogo. Je, *ng'ombe* ina kile kidoti chake cha juu, au wameandika *ngombe*? Mtoto aliyefundishwa tofauti ya *ng* na *ng'* atasoma kilichoandikwa. Je, neno limekatwa mwisho wa mstari, *wana-* huku na *cheza* kule? Je, herufi *a* ni ile ya duara anayoijua kwenye daftari lake, au ile yenye kofia? Na je, maandishi yamewekwa juu ya picha ya majani hata hayaonekani? Nimewahi kununua kitabu cha hadithi tamu ambacho mtoto alishindwa kukisoma kwa sababu tu maneno yalikuwa meusi juu ya anga la usiku.

Katuni nazisemea kwa ufupi, ila nazisemea kwa moyo. Mtoto wa miaka tisa hadi kumi na mbili aliyekataa vitabu vingine vyote, mpe katuni. Picha inabeba nusu ya mzigo, na maneno ya wahusika yanakuja kwa Kiswahili cha kuongea, kifupi kifupi. Abunuwasi anafaa sana huku, kwa kuwa ujanja wake unaonekana kwa macho. Mchora katuni Gado alimchora mwaka 1996 na tangu hapo tumejua kwamba mjanja yule anakaa vizuri ndani ya visanduku. Usimwonee mtoto haya kwamba "anasoma katuni." Anasoma.

Vilivyoandikwa kwa Kiswahili na vilivyotafsiriwa

Rafu za watoto zimejaa tafsiri, na sizikatai. Tafsiri njema inamletea mtoto dubu, theluji na mji wenye treni za chini ya ardhi, naye anastahili ulimwengu wote. Tatizo ni kwamba tafsiri mbaya ni rahisi kupita kwenye soko la watoto kuliko la watu wazima. Mtoto hataandika barua ya kulalamika. Atakiweka kitabu chini tu, na wewe utadhani hapendi kusoma.

Dalili zake zinaonekana ukurasa wa kwanza. Utakuta *Mimi ninakupenda wewe* mahali ambapo mtu yeyote angesema *Nakupenda*. Utakuta *mbwa yangu* na *simba hii*, mnyama amenyang'anywa ngeli yake. Utakuta *Ilikuwa ni siku nzuri yenye jua*, sifa ya watu wa nchi za baridi; kwetu jua la saa saba si habari njema, siku nzuri ni ile ya mawingu na upepo wa kusi. Mtafsiri aliyelala hakujiuliza hilo. Aliyeamka angetafuta namna ya kutufanya tuione furaha ya yule mtoto wa mbali kwa macho yetu.

Dalili ya tafsiri njema ni kwamba unasoma kurasa mbili kwa sauti na ulimi wako haujikwai. Ukishausoma ukurasa ule huku unabadilisha maneno kichwani ili mtoto aelewe, tayari umekuwa mtafsiri wa pili na hukulipwa. Kiache.

Nikilinganisha vitabu viwili vinavyotoshana kwa kila kitu, kimoja kimeandikwa kwa Kiswahili tangu mwanzo na kingine ni tafsiri, nitanunua cha kwanza. Mwandishi na mchoraji wa watoto wa hapa wanaishi kwa nakala chache. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania ulianzishwa mwaka 1991 kwa sababu vitabu vya watoto kwa Kiswahili vilikuwa haba mno, na mwaka huohuo Walter Bgoya alianzisha kampuni ya uchapishaji ya Mkuki na Nyota pale Dar es Salaam. Kazi ya watu wa namna hiyo ndiyo iliyofanya leo tuwe na vya kulinganisha. Na Kenya msomaji anabeba mzigo mwingine: tangu sheria ya 2013, kitabu kinatozwa kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16. Mzazi anayenunua pale amelipa zaidi ya bei ya karatasi na wino, kwa hiyo anastahili kitabu kisichomwangusha.

Karatasi na simu

Kwa asiye na uwezo wa kununua, au anayeishi mbali na duka, kuna hadithi za bure. Tovuti ya African Storybook, iliyoanzishwa na taasisi ya elimu ya Saide ya Afrika Kusini, imeweka wazi hadithi kwa lugha zaidi ya 200 za Afrika, Kiswahili kikiwamo. Tovuti ya StoryWeaver, ya wachapishaji Pratham Books wa India, ina za Kiswahili pia. Leseni zake zinaruhusu kupakua, kuchapa, hata kurekebisha. Kilichonivutia African Storybook ni kwamba ngazi ya mwisho kabisa wameitenga kuwa ya kusomewa kwa sauti. Tofauti niliyoanza nayo wao wameijenga ndani ya mpango wao.

Ubora wake haulingani, na hilo ni lazima ulijue kabla. Kwa kuwa yeyote anaweza kuandika au kutafsiri, utakutana na hadithi ya kukutoa machozi, na inayofuata ina *mbwa yangu* kila mstari. Chagua kumi jioni moja watoto wakiwa wamelala, zipakue, futa zisizofaa, kisha waonyeshe zilizobaki.

Simu yenyewe ina mambo mawili dhidi yake. Ujumbe unaingia katikati ya hadithi, na Kima anabaki katikati ya bahari. Tena mtoto hawezi kurudi mwenyewe saa anayotaka, anakusubiri wewe na chaji yako. Kwa hiyo zile zilizopendwa zaidi nazipeleka stesheneri zikachapwe kwenye karatasi za A4, nazikunja katikati na kuzibana kwa uzi mnene kwenye mkunjo. Mtoto wangu mdogo ana vitano vya hivyo. Kimoja kimelowa chai, kimekauka, kinaendelea kusomwa.

Kama una fedha ya kitabu kimoja tu kwa likizo nzima, nunua cha karatasi cha kusomewa, kirefu, chenye hadithi nyingi ndani. Vya kusoma mwenyewe vifupi utavipata bure kwa njia hiyo.

Kwa walio mbali

Ndugu zetu walioko Muscat, London au Minneapolis wananiandikia kuhusu vitabu vya lugha mbili. Vinasaidia mzazi mmoja asipojua Kiswahili. Lakini mtoto aliyezoea Kiingereza shuleni ana jicho linalokimbilia mstari wa Kiingereza kabla hujamaliza kuvuta pumzi. Dada mmoja ananiambia hufunika mstari ule kwa kipande cha kadi, na mtoto anaufunua mwisho wa ukurasa ili kuhakikisha amesikia sawasawa. Umekuwa mchezo, na Kiswahili kinatangulia.

Tofautisha hivyo na vitabu vya Kiingereza vyenye maneno ya Kiswahili ndani yake. *Moja Means One* cha Muriel Feelings, kilichochorwa na Tom Feelings mwaka 1971, kimewafungulia watoto wengi wa Marekani mlango wa Kiswahili, na michoro yake ni ya heshima kubwa. Kitamfundisha mtoto kuhesabu hadi kumi na kujivunia alikotoka. Hakitamfundisha kusikiliza hadithi kwa Kiswahili, kwa hiyo kisiwe peke yake rafuni.

Na kwa familia zilizotoka Goma au Bukavu: msihofu kitabu kikisema *mtoto* na nyumbani mnasema *mutoto*. Someni kama kilivyoandikwa, halafu zungumzeni kama mnavyozungumza. Mtoto anaweza vyote viwili.

Vya kusubiri, na lini

Sokoni kwetu kitabu kipya cha mtoto mara nyingi hakitangulizwi na tangazo. Unakikuta tu kimeshafika. Ila kuna tarehe mbili za kuweka alama kwenye kalenda.

Ya kwanza ni 13 Aprili, siku aliyozaliwa Mwalimu, ambapo Tanzania hutoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu chini ya Taasisi ya Elimu Tanzania. Baada ya kuanza na riwaya na ushairi, tuzo hii iliongeza hadithi za watoto, na hilo kwangu ni habari kubwa. Inashindaniwa kwa miswada, yaani kazi ambazo bado hazijawa vitabu. Jina la mshindi unalolisikia Aprili ni la kitabu cha kukingoja. Liandike, na kila ukipita dukani uliza.

Ya pili ni maonyesho ya kimataifa ya vitabu ya Nairobi, kwa kawaida mwezi Septemba pale Sarit Centre. Wachapishaji wengi wa Afrika Mashariki wanakuwa chini ya paa moja, unaweza kufungua kitabu na kukilinganisha na jirani yake palepale. Tuzo ya Jomo Kenyatta ya Fasihi, inayosimamiwa na Chama cha Wachapishaji wa Kenya, nayo ina kundi la vitabu vya watoto, na hiyo ni ya vitabu vilivyokwisha kuchapishwa: ukisikia leo, unaweza kununua kesho.

Tuzo haimalizi uamuzi wako. Majaji ni watu wazima. Chukua kitabu kilichoshinda, simama pembeni ya rafu, soma ukurasa wa kwanza kwa sauti ya kunong'ona. Nimefanya hivyo kwenye duka la vitabu la TPH, mtaa wa Samora, Dar es Salaam, mara nyingi, na hakuna aliyewahi kunishangaa. Ukijikuta umegeuza ukurasa wa pili bila kukusudia, kipeleke kaunta.

Kwa Desemba hii nimeshapanga. Mkubwa, ambaye sasa anamaliza darasa la pili, anapata vyembamba vinne vya ngazi ya chini yake na katuni moja. Mdogo ana miaka mitano, anapata kitabu cha hadithi za leo chenye picha, kwa sababu ya ile ndoo na kata. Na kimoja kinene cha hadithi za jadi sijakiandikia jina la mtoto yeyote. Mkubwa alikichungulia kwenye mfuko akauliza kama anaweza kukianza. Nikamwambia hicho nasoma mimi, kazi yake ni "Pakawa!"